Kisima cha Nyumba ya Mwisho

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika mstari, juu kabisa, karibu na vichaka. Nasema mstari kwa sababu kijiji kile kilipimwa kwa kamba. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Vijana wa serikali walikuja na vigingi, wakapanda navyo kutoka bondeni hadi mgongoni mwa kilima, wakasema kila kigingi ni mlango wa mtu. Kabla ya hapo sisi Wairaqw wa upande wa Maretadu tuliishi kwa kutawanyika, kila ukoo na kilima chake na chemchemi yake, na jirani ulimjua kwa moshi wake tu. Sasa tukapangwa kama watoto wa shule kwenye paredi. Sikuchukia kila kitu cha siku zile. Shule ilikuja, na mimi niliyekuwa nimesoma miaka michache kwa wamisheni nilirudi darasani na watu wazima wenzangu, nikajifunza hata hii kazi ya kuandika. Lakini ile kamba siisamehe mpaka leo.

Siisamehe kwa sababu ya vyoo. Kampeni ya vyoo ilipofika, kila nyumba iliamriwa kuchimba cha kwake nyuma ya nyumba, na kila nyumba ikachimba, kwa utii na kwa kuogopa faini. Mstari wa nyumba ukazaa mstari wa vyoo. Na kisima cha kijiji, tulichokichimba kwa pamoja na kukipigia vigelegele, kilikuwa pale mstari ulipoanzia, chini bondeni. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga maji mtelemkoni anajua yanakwenda wapi. Hakuna aliyesema neno. Wapimaji walipima, wachimbaji walichimba, na ng'ombe wa wafugaji kutoka upande wa Dirma walipopita kiangazi nao walinywa palepale na kuacha vyao.

Binti yangu wa kwanza alikufa masika ya kwanza tuliyokaa pale. Alikuwa bado ananyonya, ila nilishaanza kumpa uji mwepesi, na uji ni maji. Aliharisha, macho yakazama, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Mume wangu alimbeba kwenda barabarani kutafuta basi la kwenda hospitali ya Haydom. Basi halikuja siku ile kwa sababu ya matope. Alirudi naye jioni amemfunika uso.

Kwetu kifo cha mtoto anayenyonya hakiishii kaburini. Nyumba yake huingia katika hali tunayoiita metimani, yaani kutengwa. Wenye nyumba hawaingii kwa watu, hawali wala kunywa na watu, hawaombi moto kwa jirani, na hawachoti maji wanapochota wengine. Anayekula chako au kuchota chako ameingia kutengwa pamoja nawe. Si jambo la siku chache. Ni mpaka wazee waseme basi, na kwa mtoto anayenyonya wazee hawana haraka. Walimu na watu wa ofisini waliotoka mikoa mingine walituita washenzi kwa hilo. Katekista wetu naye alihubiri kwamba ni mambo ya giza, ingawa mke wake alikuwa akiniona njiani anakata kona mbio kama aliyemwona chui. Mimi siwacheki wazee. Walijua kwamba kifo hutoka nyumba moja kikaingia nyingine, na walikuwa wanajaribu kukifungia mlango. Uchungu wangu ni kwamba waliufunga nami niko ndani, na nilikuwa na umri ambao hata mama yangu bado aliniita mtoto.

Mwenyekiti wa kijiji alibanwa na jambo letu kuliko sisi. Chama kilisema kila mtu mwenye nguvu aende shamba la ujamaa. Mama yake mwenyewe alisema wale wawili wasishike mpini wa mtu. Mwisho akatukatia kipande pembeni mwa shamba, tukalima peke yetu huku wenzetu wakiimba upande wa pili. Mahindi yetu yaliwekwa kona yake ghalani, yakaliwa na panya, kwa maana panya hawana mila. Mume wangu alicheka siku alipoona magunzi matupu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike mtoto, nami nilimkasirikia, kisha nikacheka pia.

Maji yalikuwa tabu yetu kubwa. Tulichota kwenye kijito nyuma ya kilima, mbali, na kilipoanza kukauka mume wangu akachukua jembe na sururu akaanza kuchimba nyuma ya nyumba. Alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu. Ukimwambia jiwe halipasuki, umempa kazi ya mwezi. Alikuwa ameshazama kiunoni Bwana Afya alipofika na baiskeli yake.

Bwana Afya alikuwa kijana Mwislamu kutoka Kondoa, ameletwa kwetu na serikali kusimamia afya na usafi. Yeye metimani haikumhusu, hivyo alikuwa ndiye mgeni wetu pekee. Alikuwa mpole wa maneno isipokuwa akiona uchafu. Alitazama shimo, akatazama choo chetu, akapima kwa macho nafasi iliyopo katikati.

"Kaka," akasema, "hapo unachimba kaburi la pili."

Mume wangu alipanda kutoka shimoni, matope hadi kifuani, sururu mkononi. Nilidhani atampiga. Bwana Afya naye alidhani hivyo, maana alirudi nyuma hadi baiskeli ikaanguka. Kisha mume wangu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "La kwanza lilichimbwa na nini?"

Ndipo Bwana Afya alipokaa chini, kwenye udongo, akatueleza. Alieleza jinsi choo kinavyoshuka na maji ya mvua ndani ya ardhi, jinsi kisima cha bondeni kinavyopokea cha nyumba zote, jinsi mdudu asiyeonekana anavyoingia kwenye uji wa mtoto. Alipomaliza nilikuwa nimeshika nguzo ya nyumba. Nilikuwa nimemnywesha kwa mkono wangu, kwa kijiko alichokipenda. Sikuwa nimekosa, nilikuwa sijui, na hakuna aliyejua. Lakini moyo wa mama hausikii hoja hiyo, na mpaka leo haujaisikia.

Tulifukia lile shimo. Tukaanza jingine upande wa juu wa nyumba, upande ambao hakuna choo hata kimoja, mahali majani yalipobaki mabichi kiangazi kizima. Bwana Afya alikuja kila alipopata nafasi. Alileta saruji kidogo iliyobaki kwenye ujenzi wa shule, akatufundisha kupanga mawe kuzunguka ukuta wa ndani na kuinua mdomo wa kisima juu ya ardhi ili maji ya mvua yasirudi. Tulihamisha choo, tukakishusha chini kabisa ya nyumba. Alikuwa na masharti kuliko wazee wetu. Ndoo ya kuchotea iwe moja tu, ining'inizwe, isiguse ardhi. Kibuyu chako usikizamishe. Kifuniko kirudishwe kila mara. Usifulie hapo, usioshe mguu hapo, mbuzi asifike. Nilimwambia, "Bwana Afya, kumbe na wewe una metimani yako." Alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Shemeji, hiyo umenipiga."

Kisima kile kilikuwa kizuri. Maji yake yalikuwa baridi, na ukifungua kifuniko asubuhi uliona uso wako chini. Nami nilikichukia. Bondeni wanawake walikutana, wakagombania zamu, wakasengenya, wakachekana. Mimi nilichota peke yangu, kamba ikilia kwenye mti, halafu kimya. Kwenye kisima cha watu wengi husikii huzuni yako. Pale nilikuwa naisikia yote.

Aliyekaribia kunivumilia alikuwa jirani yangu wa nyumba iliyofuata chini. Tuliolewa mwaka mmoja na kujifungua msimu mmoja, yeye wa kiume, mimi wa kike. Alikuwa akisimama kwenye ua wake wa matete na kunisalimia kwa sauti, na akirudi ndani anampakata mwanawe upande wa pili ili nisimwone sana. Nilijua anafanya kwa huruma. Nilitamani asingefanya, na nilitamani asimlete kabisa. Sikujua ninataka nini.

Masika yaliyofuata watoto walianza tena kuharisha, kutoka nyumba za chini kwenda juu. Wawili walikufa. Bwana Afya alikuja na chupa alizozichemsha hospitali na kuzifunga vizibo kwa kitambaa. Alichota bondeni chupa moja, akachota kwetu nyingine, akazikalisha kwenye kikapu chenye majani mabichi yaliyoloweshwa, akapanda basi kwenda kuyapimisha, chupa zimekaa mapajani kama mayai. Watu walisema amechukua maji kwenda kuyaloga.

Aliporudi, mkutano uliitwa mbele ya ghala. Sisi tulisimama mbali, chini ya paa la josho la ng'ombe, kama tulivyotakiwa. Bwana Afya hakuzunguka. Alisema maji ya bondeni yana kinyesi cha watu na cha wanyama, na atakayeyanywa bila kuyachemsha anajitafutia mwenyewe. Alisema maji ya nyumba ya mwisho hayakuonekana na kitu. Alisema mpaka kiangazi kije kichimbwe kisima kipya upande wa juu wa vyoo, kijiji kichote kwetu.

Kisha mzee mmoja akainuka, si kwa hasira. "Bwana Afya, tunakushukuru," akasema. "Kisima chetu ni kibaya, tumesikia. Lakini maji ya nyumba ile hayaingii kwetu. Ile ni nyumba yenye kifo."

"Shikamoo mzee wangu, nakuheshimu," Bwana Afya akasema. "Na kisima kile hakina kifo kwa sababu hiyohiyo! Hakuna aliyekikaribia. Kifo kiko bondeni, mnakichota kwa debe!"

Mwenyekiti akasema watu wachemshe. Watu wakasema ndiyo. Lakini masika kuni ni mbichi, na nyumba yenye watu wengi haichemshi kila tone. Mtoto hunywa anachokikuta mtungini. Kwa wiki moja moshi ulikuwa mwingi. Baadaye ukapungua.

Mama mkwe wangu, aliyekaa kwa shemeji yangu katikati ya mstari, alisimama njiani siku ile na kuniambia kwa mbali, "Mwanangu, usiwape hata wakiomba. Ukimpa mtu maji yako umempa msiba wako." Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika watoto wanne kabla hajampata mume wangu, na aliamini kwamba huyu aliachiwa kwa sababu alitii.

Kisha mtoto wa jirani yangu akaugua. Aliugua mara ya kwanza, akapelekwa hospitali, akapona, akarudi. Akaugua tena, akapelekwa, akarudi amekonda. Mara ya tatu hawakumpeleka mara moja, maana mto ulikuwa umejaa na mabasi yamekwama. Kwa siku kadhaa sikumwona jirani yangu uani. Nilisikia mwanawe analia, halafu nikawa simsikii. Nilijua maana yake. Nilikuwa nakaa ndani nimeziba masikio kwa mikono, na hata hivyo nasikiliza.

Alikuja mchana, jua likiwa wazi baada ya mvua, kila mtu akimwona. Alipita ua wake, akapita mpaka uliokuwa haupitwi, akasimama mbele ya kisima changu na kibuyu.

"Mwenzangu," akasema, "nipe maji."

Nilisimama mlangoni. "Unajua ukichota nini kitakufuata."

"Najua."

"Mama yako hataingia kwako. Dada zako hawatakuja. Mumeo atalima peke yake."

"Hospitali wamemponya mara mbili," akasema. "Nikirudi naye namnywesha yaleyale. Nikichemsha, watoto wa nyumbani wanamchotea ya mtungini. Wameniambia nimpe maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, mchana kutwa. Nitampa maji gani? Niambie wewe."

Nitasema nilichohisi, kwa kuwa wengi waliokuwapo wamekufa. Nilihisi huruma, na chini ya huruma nilihisi wivu mkali kama pilipili machoni. Yeye alikuwa na mahali pa kuja. Mimi masika yale ya kwanza, ningekwenda kwa nani? Kulikuwa hakuna kisima hiki kwa sababu kulikuwa hakuna kifo bado. Mwanawe angeishi kwa maji ambayo binti yangu ndiye aliyetuchimbia. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilifungua kinywa, nikaona macho yake yamevimba kwa kukosa usingizi, maneno yakanitoka mengine.

"Usizamishe kibuyu," nikamwambia. "Ndoo ni ile inayoning'inia. Nawa mikono kwanza."

Akanawa. Akateremsha ndoo. Kule chini njiani watu walikuwa wamesimama. Nilimsikia mama mkwe wangu akipiga ukelele mmoja, ule wa msibani. Jirani yangu hakugeuka. Alivuta kamba, akajaza kibuyu, akarudisha kifuniko, akaenda zake. Kufikia jioni hapakuwa na mtu aliyepita tena mbele ya nyumba yake.

Kabla masika hayajaisha walifuata wengine, kwanza mmoja, kisha watatu kwa pamoja, wote wenye watoto wadogo. Waume wengine walinuna na wengine walijifanya hawajui wanachokunywa. Wazee walikaa vikao. Nusu ya mstari ilikuwa imetengwa, na ikawa vigumu kujua nani amkwepe nani, na nani atawapikia wazee wenyewe pombe. Mwishowe walichinja kondoo, wakafanya yao, wakasema imetosha kwa wote. Kiangazi kilipokuja kijiji kilichimba kisima kipya upande wa juu wa vyoo, na Bwana Afya akahamishwa kwenda wilaya nyingine kabla hajakiona kimekwisha. Hayo ndiyo wanayoyakumbuka watu.

Mimi nakumbuka asubuhi iliyofuata ile siku ya kwanza, kabla hajaja mwingine yeyote. Nilikuwa nafagia mbele ya kisima. Jirani yangu alikuja tena na kibuyu, na safari hii mgongoni alikuwa amembeba mtoto. Kamba ya kisima chetu ilitaka mikono miwili na mgongo wa kuinama. Alijaribu kuinama naye, mtoto akaegemea upande mmoja, kichwa chake kikalegea.

"Mpeleke kwa dada yako kwanza," nikasema, halafu nikajiuma ulimi.

"Hakuna wa kunishikia," akasema. "Jana usiku nimegonga kwa mama. Hakufungua."

Akafungua kanga. Akamtoa mtoto, akaninyooshea, mikono yake miwili imenyooka, na mimi ufagio mkononi. Kwa mwaka mzima hakuna aliyenipa hata kijiko. Nilitupa ufagio. Nilimpokea chini ya makwapa kama mtu asiyewahi kushika mtoto, kisha mikono ikakumbuka yenyewe, mmoja ukaenda chini, mmoja ukaenda shingoni. Alikuwa mwepesi mno. Alikuwa na umri uleule ambao binti yangu angekuwa nao asubuhi ile, na nilijua uzito aliopaswa kuwa nao.

Mtoto alifungua macho, akauangalia uso wangu, akaona si wa mama yake. Midomo yake ikakunjamana. Kwanza haikutoka sauti. Kisha ikatoka, nyembamba, kisha kubwa, kilio cha hasira cha mtoto aliyeshikwa na mtu asiyemjua.

Kamba ikasimama. Jirani yangu aligeuka, mikono yake bado imeishika, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Analia," akasema. "Tangu juzi alikuwa hana nguvu ya kulia. Mwenzangu, usimnyamazishe. Muache alie."

Sikumnyamazisha. Nilimkumbatia akilia, nikasimama naye juani pale kisimani, mpaka mama yake alipomaliza kuchota.